Tippu Tip: miji aliyopitia toka Zanzibar mpaka Kisangani, na alama aliyoacha

Mtu akishuka leo kwenye maporomoko ya Wagenia, ataona miti mirefu iliyosimamishwa juu ya mawe na mitego ya samaki inayoning'inia ndani ya maji makali. Wageni wanapiga picha, wanalipa, wanarudi Makiso kutafuta chakula. Wachache wanauliza juu ya yule mtu ambaye, zaidi ya miaka 130 iliyopita, alikaa hapa akiitwa wali wa eneo lote hili na akilipwa mshahara kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Watu wanamjua kwa jina la Tippu Tip.

Kwa wengi mashariki ya Kongo jina hilo ni jina la mwizi wa watu. Kwa wengine linaenda pamoja na dini ya babu zao, Kiswahili wanachosema nyumbani na mchele wanaopika. Wote wana sababu. Kumuelewa ni kumfuata mji kwa mji, maana maisha yake yote yalikuwa njia, na miji mingi ya njia hiyo iko bado, mtu anaweza kuifikia kwa boti, kwa treni au kwa moto.

Alizaliwa Zanzibar kunako 1837. Kwa upande wa mama, watu wake walikuwa Waarabu wa Maskati, huko Oman, inchi ya jangwa na milima mikavu ambako kisima ndicho kinaamua msafara upite wapi na ulale wapi. Kwa upande wa baba, damu ya Kiafrika ilikuwa imeingia zamani, na yeye mwenyewe alikuwa mweusi kama wengi wa wale aliowauza. Hilo halikumzuia hata siku moja kujihesabu Mwarabu.

Tangu kijana mdogo alifanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti ya pwani. Alipofikisha miaka kama 18 akafuata njia ya baba yake kuelekea bara. Njia hiyo ilianza Bagamoyo, mji wa pwani mkabala na Zanzibar, ambako mpaka leo wageni wanaonyeshwa mabaki ya Kaole na nyumba za zamani za misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walipanda polepole mpaka Ugogo, inchi kavu, ambako kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kuchota maji. Baada ya Ugogo palikuwa na pori walilolipa jina la Mgunda Mkali. Siku nyingi bila kijiji, maji haba, jua kali. Wenye mizigo walianguka humo na hawakuzikwa. Oman ilikuwa jangwa la babu zake. Mgunda Mkali ndiyo ilikuwa jangwa lake yeye.

Ng'ambo ya pori hilo kulikuwa Tabora. Msafara ukifika Tabora ulipumzika miezi, wengine miaka. Baba yake alikuwa amejenga huko na kuoa Karunde, wa ukoo wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Huyu kijana alijifunza hapo jambo alilolitumia maisha yake yote: mfanyabiashara asiye na ndugu kwa watemi hafiki mbali. Kuoa, kujiita mjukuu, kujiita mtoto wa dada, hiyo yote ilikuwa sehemu ya biashara sawa na kitambaa na baruti.

Kutoka Tabora ni Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tippu Tip alipita Ujiji kabla yao wote wawili. Akavuka ziwa na kuingia upande wetu, mpaka Urua, kwa Waluba. Safari hiyo ya kwanza inaonyesha akili yake. Wenzake waligombania pembe kubwa za tembo na kuzinunua kwa bei ya juu. Yeye akachukua zile ndogo ambazo hakuna mtu alizitaka, akazipata kwa bei ya bure, na pwani zikampa faida nzuri. Toka hapo matajiri wa Zanzibar walianza kumkopesha mali. Mkubwa wao alikuwa Taria Topan, Muhindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilitoka kwake kwa mkopo, na pembe zilirudi kwake. Bila deni hilo, hakuna Tippu Tip.

Mwaka 1867 akafika Itabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, kwa mtemi Nsama, aliyeogopwa na misafara yote. Nsama alikuwa na pembe nyingi. Wakapigana. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zilishinda na akaondoka na mali ambayo hakuwahi kuiona mbele. Jina lenyewe la Tippu Tip, kadiri alivyoeleza mwenyewe, lilitoka kwa watu waliokimbia sauti ya bunduki zake: tip, tip, tip. Wengine walisema ni juu ya macho yake yaliyopepesapepesa. Mwaka uleule alimkuta Livingstone katika eneo hilo, akiwa na njaa na ugonjwa, akamsaidia. Alikuwa mtu wa adabu kubwa kwa wageni. Wazungu karibu wote waliopita kwake waliandika hivyo. Vijiji vilivyochomwa havikuandika.

Kasongo na Nyangwe

Katika miaka ya 1870 aliingia Utetela. Huko alisikia habari ya mtemi mzee, Kasongo Rushie, ambaye watu wa nyumba yake walichukuliwa mateka zamani katika vita. Tippu Tip akasema yeye ni mjukuu wa mmoja wa wale wanawake waliopotea. Mzee akaamini, au labda aliona faida kuamini, akamkabidhi utawala. Kwa neno moja, bila risasi, mfanyabiashara kutoka Zanzibar akawa mtemi, na pembe za inchi nzima zikaanza kuletwa mlangoni kwake kama kodi.

Baadaye akahamia Kasongo, katika Maniema. Mtu anayefika Kasongo leo, baada ya barabara mbaya kutoka Kindu, anakuta mji wa kawaida wenye misikiti, soko na vumbi. Wakati ule ulikuwa mji mkubwa kupita yote kati ya ziwa Tanganyika na mto Kongo. Kulikuwa na mashamba ya mpunga, mahindi na miwa, bustani za matunda, na nyumba pana zilizojengwa kwa mtindo wa pwani. Wote waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa.

Karibu na hapo, kwenye kingo za mto, iko Nyangwe. Siku hizi ni kijiji ambacho wengi hawakijui. Ile miaka ilikuwa soko ambapo wanawake wa pande zote mbili za mto walileta samaki, muhogo, mafuta ya ngazi na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa Nyangwe walifyatua risasi katikati ya soko. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliona kwa macho yake, na habari hiyo ilipofika Uingereza ilisukuma serikali kumlazimisha Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Tippu Tip hakuwa Nyangwe siku ile. Lakini alipofika baadaye, aliendesha kazi ileile na watu waleule.

Tueleze kazi hiyo ilivyokuwa. Pembe za tembo zilitakiwa Ulaya na Marekani kwa kutengeneza vitufe vya piano na mipira ya bilyadi. Huku, kundi lenye bunduki lilizunguka kijiji alfajiri. Wanaume walikimbilia msituni, wanawake na watoto walishikwa. Kisha wanaume walipewa habari: leteni pembe, mtapata watu wenu. Wasiokuwa na pembe walipoteza familia. Waliobaki mateka walibeba pembe mpaka ziwani na mbele zaidi, walilima Kasongo, au waligawiwa kwa wafuasi. Na vijana wenye nguvu walipewa bunduki, jina la Kiislamu na Kiswahili, wakaitwa Wangwana, wakatumwa kwenda kufanya kwa vijiji vingine kile walichofanyiwa wao. Katika eneo letu la Tshopo watu waliwaita Matambatamba. Wazee wa pande hizo walilitumia jina hilo kuogopesha watoto muda mrefu baada ya wenye jina kuisha.

Mto aliokataa kushuka

Oktoba 1876 Stanley alifika Maniema akitafuta mto unaishia wapi. Alitaka mtu wa kumlinda katika msitu. Wakapatana: Tippu Tip atamsindikiza mwendo wa safari 60 kwa dola 5,000. Waliondoka Nyangwe Novemba 1876. Msitu uliwamaliza: unyevu, giza, ndui, njaa, mishale. Kabla ya mwaka kuisha, Tippu Tip alisema inatosha. Stanley akashuka na mitumbwi, yeye akarudi. Baadaye alilalamika kwamba Stanley alimwahidi zawadi kubwa, na alichopata ni picha ya Stanley mwenyewe.

Januari 1877 Stanley akapita maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na Kisangani ya leo, akipigana na kuburuta mitumbwi juu ya inchi kavu. Kwa kufungua mto mpaka bahari ya Atlantiki, alifungua njia mbili: Wazungu wapande kutoka magharibi, na Wangwana washuke kutoka mashariki. Njia hizo zilipaswa kukutana mahali fulani. Zilikutana hapa.

Stanley aliporudi Desemba 1883, safari hii kwa kazi ya mfalme Leopold wa Pili, alikuta moshi wa vijiji vilivyochomwa kando ya mto upande wa Basoko na Isangi. Wangwana walikuwa wameshatangulia. Akaacha kituo kidogo juu ya kisiwa karibu na maporomoko. Tippu Tip mwenyewe akaja kujenga kwenye maporomoko, akisema inchi hii ni ya Sultani wa Zanzibar, na yeye ni mtu wake. Wakati huohuo, huko Berlin, mataifa ya Ulaya yalikuwa yanakaa mezani kugawana. Mwaka 1885 inchi ikahesabiwa ya Leopold, na Sultani hakupata kitu.

Mwaka 1886 mambo yalilipuka. Mwanamke mmoja mtumwa alimkimbia bwana wake na kuingia katika kituo cha Wazungu. Mkuu wa kituo, Mwingereza Deane, akakataa kumrudisha. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa, ingawa ni juu yake mji ulichomwa. Wangwana walishambulia kituo siku kadhaa. Risasi zilipoisha, Deane akakichoma mwenyewe na kukimbilia msituni. Tippu Tip hakuwepo, alikuwa njiani kwenda Zanzibar. Mpwa wake Rashid ndiye aliyekuwa hapa.

Leopold hakuwa na askari wa kutosha kurudisha kituo kwa nguvu. Kwa hiyo alifanya jambo la ajabu. Februari 1887, kule Zanzibar, Stanley alimwekea Tippu Tip mkataba mbele: uwe gavana wa Stanley Falls, pauni 30 kila mwezi, upandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, uzuie kukamata watumwa hapo na chini ya maporomoko. Mkamata watumwa akapewa kazi ya kuzuia ukamataji. Akakubali. Alikuwa ameona Zanzibar yenyewe inazungukwa na Waingereza na Wajerumani, na Sultani Barghash hana nguvu tena ya kumlinda. Akaona afadhali kuwa ndani kuliko nje.

Basi yeye aliyekataa kushuka mto mwaka 1876, sasa aliujia kutoka upande wa pili. Alipanda meli Zanzibar pamoja na Stanley na watu mamia, wakazunguka Afrika ya Kusini kupitia Cape Town, wakaingia mdomo wa Kongo kule Banana Machi 1887. Wakatembea kwa miguu kupita maporomoko ya chini, kisha meli ya moshi ikampandisha. Juni 1887 akashuka hapa, gavana, na bibi zake na watu wake. Mtu wa Kisangani anayeshuka Kinshasa leo kwa boti na kulalamika juu ya wiki za safari, akumbuke mzunguko huo.

Hakukaa vizuri. Stanley alikuwa anaenda kumtafuta Emin Pasha upande wa Sudani, na alimdai Tippu Tip wapagazi 600 kwa kundi la nyuma lililoachwa Yambuya, juu ya mto Aruwimi. Mwaka mzima wapagazi hawakutimia. Tippu Tip alisema baruti alizoahidiwa kwa ajili yao hazikuletwa. Yambuya watu walikufa kwa njaa na muhogo mbichi. Juni 1888 alitoa kama 400, na mwezi uliofuata mkuu wa kundi hilo, Barttelot, akapigwa risasi Banalia baada ya kugombana asubuhi juu ya ngoma na nyimbo za mwanamke mmoja. Stanley aliporudi pwani alimshitaki Tippu Tip mahakamani Zanzibar na feza zake zilizokuwa kwa Taria Topan zikafungwa. Mwaka 1890 Tippu Tip akaacha maporomoko kwenda kujibu mashitaka, akapita Kasongo, Ujiji, Tabora, njia yake yote ya zamani kinyumenyume. Alifika Zanzibar Julai 1891. Mashitaka yaliachwa. Hakurudi tena Kongo.

Nyuma yake ikawa vita. Watu wa Leopold walitaka pembe zote zishuke mto magharibi, wasiachie hata moja iende Zanzibar. Mtoto wake Sefu, aliyebaki Kasongo, aliingia vitani mwaka 1892. Ngongo Lutete, mtemi mwenye nguvu aliyekuwa chini yao, akahamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Sefu akauawa mwaka huohuo. Ngongo Lutete pia, maana wale aliowasaidia walimshitaki uhaini na kumpiga risasi. Hapa Kisangani Rashid alishindwa na kuondoka. Waliopigana pande zote mbili walikuwa karibu wote watoto wa Maniema, Utetela na Lomami. Na baada ya Wangwana kuondoka na bunduki zao ulikuja mpira wa Leopold, na vijiji vilevile vilishikwa tena wanawake wao mpaka wanaume walete kilo zilizotakiwa. Mbinu haikubadilika sana.

Tippu Tip akazeeka Zanzibar na mashamba yake ya karafuu na watumwa wake wengi. Mwaka 1897 sheria ya utumwa ilifutwa kisiwani. Katika miaka hiyo aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza katika herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin kunako 1902 na 1903. Ni moja ya vitabu vya kwanza kabisa ambamo mtu anasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Ndani yake kuna bei za pembe, madeni, ugomvi na Stanley, majina ya watemi na ya matajiri. Wapagazi wanahesabiwa kwa mamia, kama mizigo waliyobeba. Alikufa kwa malaria Juni 1905. Nyumba yake iko Shangani, katika Mji Mkongwe, na waongozaji wa watalii wanasimama mbele yake kila siku.

Kisangani ilichukua jina la Stanley, ikaitwa Stanleyville mpaka 1966. Lakini Wabelgiji walihitaji lugha ya kuongozea askari na wafanyakazi mashariki, wakakuta Kingwana tayari kimeenea toka Kasongo mpaka hapa, wakakitumia. Wangwana waliobaki hawakuwa na pwani ya kurudia. Wengi hawakuwahi hata kuiona. Walichukuliwa Maniema wakiwa watoto. Walikaa kando ya mto, Ubundu, Kirundu, Lokandu, Kindu, na hapa, wakalima mpunga, wakaoa katika vijiji ambavyo kabla walivitisha. Treni inayotoka ngambo ya Lubunga kwenda Ubundu, kilomita 125, inazunguka maporomoko yaleyale ambako mitumbwi yao ilibebwa mabegani. Ikitembea siku hiyo, mtu anaweza kupanda asubuhi, na katika vituo vya njiani atauziwa mchele na watu wanaojua vizuri babu yao alitoka kijiji gani, na wengine ambao katika familia zao swali hilo haliulizwi.